Nyumba Isiyolaliwa

Sehemu ya Tisa

Haya, mliogandishwa mlangoni tangu wiki iliyopita, ingieni. Najua mmenuna. Mama mmoja kanisimamisha njiani akanifokea, "Wewe mwandishi roho yako ni ya jiwe! Unamwacha mtu ameshika kitasa wiki nzima!" Nimesikia, mama. Tunafungua sasa hivi.

Bi Ghafla akasukuma mlango wa bweni la wanawake. Kwenye kitanda cha dirishani, ndani ya gauni la buluu la wazee wa nyumba ile, alikuwa amekaa mama mkwe wake.

Si mtu anayefanana naye. Yeye hasa! Mama yule yule aliyemwacha jikoni asubuhi akimenya vitunguu na kulalamika kwamba kisu ni butu.

"Na huyu," alisema mkurugenzi wa nyumba, yule mnene mwenye sauti ya kubembeleza ambaye kila mtu anamwita Baba Huruma, "huyu tulimwokota stendi ya mabasi. Hana mume, hana mtoto, hana ndugu. Hata kwao hapakumbuki, maskini wa Mungu."

Bi Ghafla akamtazama mama mkwe. Mama mkwe akamtazama Bi Ghafla.

"Karibu, mgeni," akasema mama mkwe, mkavu kabisa.

Bi Ghafla akapigwa na butwaa. Ulimi ulitaka kusema "Mama!" lakini akauuma. Kwa nini auume? Wewe uliyeanza kusoma leo, sogea karibu nikueleze upesi, wenzako wasubiri kidogo.

Bi Ghafla ni mkaguzi katika ofisi ya serikali inayosimamia mashirika ya hisani. Shirika likisema linalea yatima au linawalaza wazee wasio na kwao, watu wema wakatoa michango yao, ni lazima awepo mtu wa kwenda kuangalia kama hao yatima na hao wazee wapo kweli. Mtu huyo ndiye yeye. Anafika bila taarifa, ndiyo maana wakampa jina hilo.

Lakini mwaka huu wote, kila alikofika ghafla alikuta anasubiriwa. Rangi mbichi ukutani. Watoto wameogeshwa mpaka wanang'aa. Wapishi wamevaa kofia nyeupe ambazo bado zina mikunjo ya dukani. Kuna mtu alikuwa anavujisha siri, na Bi Ghafla akamshuku Miwani, mkaguzi mwenzake wa meza ya pili, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua safari zake. Hata mkuu wa ofisi, yule Msajili, kwa utaratibu haambiwi mkaguzi anakwenda wapi mpaka arudi. Basi Bi Ghafla akaandika taarifa ya kumshitaki mwenzake kwa Msajili. Miwani akasimamishwa kazi, na mchana wa leo kamati ya nidhamu inakaa kuamua. Neno moja la Bi Ghafla likisikika pale, Miwani anafukuzwa na jina lake limekwisha.

Na sheria ya kazi yao ni kali: mkaguzi akimkuta jamaa yake ndani ya shirika analolikagua, atamke papo hapo na aondoke. Ukaguzi umekufa. Bi Ghafla hakutaka ukaguzi huu ufe. Alishaanza kunusa kitu.

Turudi bwenini.

"Ningependa kuzungumza na mzee mmoja peke yangu," alisema. "Bila mfanyakazi yeyote karibu. Ndivyo sheria inavyotaka."

Wakurugenzi wengine wakisikia hivyo hukohoa, huanza kuleta visingizio, mzee huyu hasikii, yule ana homa. Baba Huruma yeye alitabasamu.

"Mchague umpendaye."

"Huyu wa dirishani."

"Nilijua utamchagua huyo," alisema Baba Huruma kwa upole, akawatuma wazee wengine ukumbini, akatoka na kuurudisha mlango taratibu.

Alijua? Alijuaje? Bi Ghafla akangoja nyayo zipotee, kisha akakaa kitandani karibu na mama mkwe. Godoro likalia kama mtu anakunja karatasi.

"Mama! Wewe umekuwa fukara asiye na kwao tangu lini?"

"Tangu asubuhi," alijibu mama mkwe. "Na punguza sauti, unanitia aibu."

"Mimi nakutia aibu? Mimi?"

"Mwanangu, mimi ningefanyaje? Naona mlango unafunguka, naona ni wewe na kitambulisho chako kifuani, na huyu bwana anasema mimi sina mtoto. Ningembishia mbele yako nikakuharibia kazi? Nikasema moyoni, nyamaza, mwenyewe ndiye anajua anachotafuta."

Bi Ghafla alikuja na hasira, hasira ikakosa pa kukaa. Mama mkwe alikuwa amejikana mwenyewe kwa ajili yake.

"Unakuja hapa kila siku?"

"Kila siku ya kazi. Nyinyi mkishatoka, gari linanifuata. Kabla hamjarudi nimesharudishwa."

"Na hukutuambia!"

"Mngeniuliza?" Mama mkwe akageuza uso dirishani. "Baba yenu alipofariki, nyumba ile ikawa kubwa. Nyinyi mnatoka kumekucha, mnarudi mmechoka, mnakula mnalala. Siku nzima naongea na redio, nayo haijibu. Hapa napata wenzangu. Tunacheza karata, tunasutana, tunacheka. Nilikuwa na upweke, mwanangu. Sasa nimeshasema."

Neno hilo lilimchoma Bi Ghafla mahali ambapo hakuwa na ngao. Lakini mkaguzi ni mkaguzi hata akiumia. Akanyanyua ncha ya shuka. Godoro bado lilikuwa ndani ya nailoni ya kiwandani. Akanyanyua shuka la kitanda cha pili. Nailoni. Cha tatu, nailoni.

"Mama, nani analala hapa?"

"Alale nani? Kila mtu ana kwake. Wageni wakija tunavaa magauni haya, tunakaa vitandani kidogo, tunapigwa picha. Bwana huyu alisema ni sare. Wageni wakiondoka tunarudi kwenye karata zetu."

Jamani! Nyumba nzima ya wazee wasio na kwao, na hakuna hata mzee mmoja aliyewahi kulala humo usiku. Bi Ghafla akahisi furaha ile chungu ya mtu aliyemkamata mwizi. Kisha likamjia swali lililokuwa limemsumbua tangu getini.

"Nimekuta ua umefagiwa, nyinyi mmeshavaa magauni. Walijuaje kwamba nakuja? Safari hii Miwani hayupo. Nani kawaambia?"

"Mimi," akasema mama mkwe.

"Wewe nini?"

"Jana nilimwambia huyu bwana kwamba leo nitachelewa kidogo, kwa sababu mkwe wangu ameniagiza nimfungie chupa ya chai. Akasema nisichelewe, ataleta gari mapema. Mbona umebadilika rangi?"

Hilo nitawajibu mimi.

Mkaguzi wa ofisi ile haruhusiwi kutia mdomoni kitu cha anayemkagua, hata maji. Leo soda, kesho bahasha. Siku za ofisini Bi Ghafla hunywa chai ya ofisini. Siku anazotoka ghafla hubeba chupa yake. Na kwa sababu hakuna anayeijulia chai yake tangawizi kama mama mkwe, asubuhi ya siku moja kabla ya safari humwambia, "Mama, kesho nifungie chupa." Basi. Hasemi anakwenda wapi. Alijiona mjanja kweli kweli!

"Alikuwa anakuuliza?" Bi Ghafla alinong'ona. "Huyu bwana. Alikuwa anakuuliza kuhusu chupa?"

"Kila siku. Nikifika tu, 'Mama, kesho kuna chupa?' Mimi nikadhani anajali. Nikimwambia ipo, anashika simu anawapigia wenzake wenye mashirika, anawaambia, 'Kesho kuna mvua.' Nikadhani ni mkulima."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walishamaliza. Mwaka mzima Bi Ghafla alikuwa akimtazama Miwani kwa jicho la pembeni, akihesabu anapokea simu ya nani, anacheka na nani, anaaga saa ngapi. Na siri ilikuwa inatoka jikoni kwake, imefungwa vizuri na kifuniko. Mnajua nani alimfundisha kubeba chupa siku yake ya kwanza kazini? Miwani huyo huyo.

"Mama, nimemuua mtu," alisema, na machozi yakamtoka.

Hapo simu yake ikaita. Msajili.

Na kama waliopangana, mlango ukafunguka na Baba Huruma akaingia, akavuta kiti, akakaa. Hakuomba ruhusa.

"Pokea tu," alisema. "Najua ni wakati wa kamati. Lakini kabla hujapokea, nikuambie kitu, mkaguzi. Andika kuhusu nyumba yangu unavyotaka. Ila andika pia kwamba mmoja wa wazee wangu bandia ni mama mkwe wako, na kwamba mwaka mzima siri za ofisi zimetoka jikoni kwako. Uone nani atafukuzwa kwanza."

Mnaona sasa kwa nini alitabasamu? Alimweka mama wa watu kitandani makusudi, awe ngao yake.

Simu iliendelea kuita. Bi Ghafla akapokea.

"Kamati iko ndani," ilisema sauti ya Msajili, na mwangwi wa ukumbini nyuma yake. "Nimetoka mara moja nje nikupigie. Nataka neno moja tu nirudi nalo. Unathibitisha kwamba Miwani ndiye aliyekuwa anatoa siri?"

Neno moja! Akisema ndiyo, anarudi nyumbani, mama mkwe anaendelea kufunga chupa, hakuna anayejua kitu. Wanawe wanaendelea kusoma. Mume wake haulizwi kuhusu mama yake. Na Miwani? Miwani amebakiza neno hilo tu.

"Upo?" Msajili aliuliza.

"Nipo."

Mama mkwe akamgusa goti. "Huyo Miwani," alinong'ona, "si ndiye aliyekuja kwenye msiba wa baba yenu, akakaa na sisi mpaka watu wote wakaondoka?"

"Ndiye."

"Basi mbona unafikiria?"

Bi Ghafla akafuta uso kwa kiganja.

"Sithibitishi," alisema kwenye simu. "Miwani hana kosa. Siri ilitoka nyumbani kwangu, Msajili. Mimi ndiye niliyekosea, na mimi ndiye niliyemsingizia. Niko tayari kuja kusema mbele ya kamati."

Bi Ghafla alitegemea mshangao, au ukali. Hata tusi angelielewa.

"Sikukuuliza habari za nyumbani kwako," alisema Msajili polepole. "Nimekuuliza kama unathibitisha. Taarifa yako ya kwanza inatosha. Nitaisoma hiyo hiyo."

"Lakini ni ya uongo!"

"Nani mwingine amekusikia ukisema haya?"

Swali la ajabu hilo. Kwa nini mkuu wa kazi, akiambiwa mtu hana hatia, aulize nani mwingine amesikia? Bi Ghafla akamtazama Baba Huruma. Baba Huruma alikuwa anatazama kucha zake.

"Uko kwa nani leo?" Msajili aliendelea. "Mkurugenzi wa hapo yupo karibu? Mpe simu."

Akampa. Baba Huruma akaipokea kwa mkono wa kivivu, mguu juu ya mguu, kama mtu aliye sebuleni kwake.

"Ndiyo, shemeji," alisema.

Loo! Neno limeshatoka, kulimeza haiwezekani. Baba Huruma akashtuka, akaushusha mguu. Uso ukamlegea.

"Shemeji?" aliuliza mama mkwe. "Kumbe wewe umeoa kwake, au yeye ndiye ameoa kwenu?"

"Nyamaza, bibi!"

"Nakuuliza tu, baba. Kuuliza si ujinga."

Baba Huruma akageukia ukuta. "Ndiyo, wamesikia," alisema kwa sauti ndogo. "Wote wawili... Sawa... Mpaka kamati imalize? Sawa." Akakata, akaitumbukiza simu ya Bi Ghafla mfukoni mwake mwenyewe, akatoa kichwa dirishani. "Mlinzi! Funga geti. Asitoke mtu wala gari mpaka niseme!"

"Nipe simu yangu," alisema Bi Ghafla.

"Utapewa ikiisha."

"Ikiisha nini?"

"Kazi ya shemeji yangu." Sasa hakuwa na haja ya kubembeleza, na ile sauti ya asali ilikuwa imeisha. "Miwani alianza kuuliza maswali kuhusu nyumba hii tangu mwaka jana. Unadhani taarifa yako ilipokelewa haraka vile kwa sababu unapendwa?"

Bi Ghafla akasikia geti likisukumwa, vyuma vikikutana. Kumbe hata shuku yake haikuwa yake peke yake, kuna watu walikuwa wanaipulizia moto. Kule ofisini Miwani amesimama mbele ya meza ndefu, na ile taarifa ya uongo ya Bi Ghafla inangoja kusomwa kwa sauti. Na yeye hapa, hana simu, hana njia.

Mama mkwe aliteremka kitandani bila haraka, akatafuta viatu vyake kwa vidole vya mguu, akavivaa, akaenda mpaka mlango wa ndani unaoingia ukumbini.

"Wenzangu!" aliita. "Acheni hizo karata. Njooni huku, kuna mambo."

"Bibi, rudi kitandani," alisema Baba Huruma.

"Siumwi."

Wakaja, wazee wenye magauni ya buluu, mmoja na fimbo, mwingine bado kashika karata zake kifuani asichunguliwe. Bi Ghafla sasa akawatazama vizuri, maana mara ya kwanza macho yake yalikuwa kwa mama mkwe tu. Yule wa fimbo alimfahamu! Walikaa meza moja kwenye harusi. Ni mama wa dereva wa ofisi. Na yule mfupi mwenye shali? Mama yake yule dada wa mapokezi, wana pua moja.

"Mama," alisema kwa taabu, "hawa ni kina nani?"

"Si wazazi wenu!" alisema mama mkwe. "Wote watoto wao wako kwenye ofisi yenu. Tuliambiwa hapa ni pa wazazi wa wafanyakazi, zawadi kutoka kwa wakubwa, tusiwaambie mpaka sherehe ya mwisho wa mwaka. Kwani siyo?"

Ofisi nzima! Hawakutega sikio kwenye jiko moja. Kila mtu wa ofisi ile alikuwa na mama yake hapa, anacheza karata na kusimulia bila kujua mwanangu kaamkaje, mwanangu kasema nini, mwanangu kesho anasafiri.

"Tokeni!" Baba Huruma alipiga ukelele. "Rudini ukumbini!"

Hakuna aliyetikisika. Umewahi kumfokea mama wa mtu mbele ya mama wa watu? Usijaribu.

"Wenzangu," alisema mama mkwe, "kuna kijana wa watu anafukuzwa kazi sasa hivi kwa kosa lililotoka mdomoni mwangu. Kuna kamati imekaa. Nani kati yenu mwanawe yuko kwenye hiyo kamati?"

Wakatazamana. Yule mwenye karata kifuani akainua mkono kama yuko darasani.

"Wangu ndiye mwenyekiti," alisema. "Asubuhi kaniambia leo nisimpigie, ana kikao."

"Una simu?"

"Ninayo hapa." Akaitoa ndani ya gauni, simu ndogo iliyofungwa kwa mpira. Baba Huruma akapiga hatua. Fimbo ya mama wa dereva ikanyooka mbele yake, ikakaa hapo hapo kwenye kitambi.

Simu ikaita. Ikaita. Ikapokelewa.

"Mama, nilikuambia niko kwenye kikao!"

"Hata ukiwa mbinguni. Mimi ndiye niliyekuzaa. Nyamaza uzungumze na mtu." Akamkabidhi Bi Ghafla simu, karata zake bado kazikumbatia.

Bi Ghafla akaiweka simu sikioni.

"Mwenyekiti, ni mimi mkaguzi. Miwani hana hatia. Siri zilitoka jikoni kwangu bila mimi kujua, na nilimshitaki kwa shuku tupu. Nifukuzeni mimi."

Upande wa pili viti vikakwaruza.

"Ngoja," alisema mwenyekiti. "Nakuweka kwenye spika, wote wakusikie. Msajili alitoka nje kidogo, alisema anakupigia wewe... Ah, huyo anaingia. Haya, sema. Anakusikia."

Bi Ghafla akavuta pumzi.

"Shikamoo, Msajili," alisema. "Bado niko kwa shemeji yako. Amefunga geti kama ulivyomwagiza."